Kwa Mtani Aliyempora Msindikizaji Kofia

Mtani wangu mpendwa Mwajuma,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi umri kidogo tu, na miaka yote tuliyofanya kazi chumba kimoja ulinidai shikamoo, nami nikikujibu kwamba Mnyamwezi hamwamkii Mzaramo, anamtuma maji. Sasa huwezi kunisonya tena, kwa hiyo nimeshinda. Pokea salamu za kawaida kutoka kwa muuguzi mwenzako, huku huku Temeke, ambako feni ya chumba cha vidonda bado inazunguka inapotaka yenyewe.

Nakuandikia nikiwa na furaha, na nalisema hilo mapema ili usianze kunihurumia huko uliko. Ulipoondoka nilikuwa na hofu moja iliyoninyima raha hata kuliko kukulilia. Niliogopa kwamba ile kazi yetu ya kuwafundisha wauguzi na matabibu kumtambua mgonjwa aliyeuzwa, au anayetumikishwa kwa nguvu, umeondoka nayo. Mimi nilikuwa na maelezo yake yote kichwani. Wewe ndiye uliyejua kuyafanya. Na ninaowafundisha wasipoelewa, mgonjwa wa namna hiyo ataoshwa kidonda, atapewa vidonge, halafu atarudi alikotoka pamoja na yule yule aliyemleta.

Unaikumbuka asubuhi ya kijana wa mguu? Foleni ilikuwa imefika nje mpaka kwenye bomba. Akaingia akichechemea, nyuma yake bwana mmoja mtu mzima, shati limenyooshwa, kapelo kichwani, mpole kabisa. Bwana akasema huyu ni mdogo wake, tumbo moja, amejikata na sururu. Nikamuuliza kijana jina lake, bwana akanijibu. Nikamuuliza aliumia lini, bwana akanijibu. Nikamuuliza kama panauma, bwana akasema panauma sana. Nilikaribia kumchoma yeye sindano ya pepopunda.

Lakini sikushtuka, mtani, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hakuna ambaye angeshtuka. Kwetu mgonjwa huja na watu wake, na mkubwa ndiye msemaji. Ni adabu. Niliposikia wanatoka Tabora nilifurahi, nikamsalimia kijana kwa lugha yetu. Alikaa kimya akitazama sakafu. Nikajisemea huyu ni mtoto wa mjini, na watoto wa mjini lugha za nyumbani wamezisahau. Nikaendelea kufungua pamba.

Hapo ndipo ulipoingia na trei yako. Ulisikia neno Tabora, ukaiweka trei mezani, ukamkagua yule bwana juu mpaka chini kama unayemnunua.

"Lo, watani wangu," ulisema. "Mmekuja kwa miguu kama kawaida yenu?"

"Nyie Wazaramo mngejua kutembea mngefika kwetu zamani," akakujibu. "Mkisikia ngoma tu mnakaa."

"Msikilizeni mtumwa wangu anavyojibu. Babu yangu alimnunua huyu kwa nazi moja, tena mbovu."

Nilicheka. Akina mama waliokuwa mlangoni wakacheka. Bwana mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno, maana hayo ndiyo maneno ya watani toka enzi na enzi, na anayeyakasirikia ndiye huchekwa zaidi. Mimi sikuona kitu kingine. Wewe uliona kwamba kijana hakucheka.

Baadaye ulinieleza huku unanimenyea chungwa, na nimelirudia mbele ya kila darasa. "Kulwa, mie nikimtukana kaka yako mbele yako, utanyamaza? Hata kama Kinyamwezi hukijui, utani unaujua. Ndugu angenirudishia, au angecheka. Yule alikuwa anamtazama mwenzake aone kama anaruhusiwa."

Basi ulinyoosha mkono, ukaivua ile kapelo kichwani kwa bwana, ukajivika juu ya kitambaa chako cha kazi, ukatoka zako. Ulitembea taratibu, mabega juu, ukisema kwa sauti kwamba hapa si Tabora, Mnyamwezi haingii bure, anayetaka kofia yake aje ajikomboe. Angefanya nini? Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Angeghadhibika, angeonekana hana malezi. Alinyanyuka akakufuata huku anacheka, nami nikafunga mlango.

Nje nilikusikia ukimlazimisha ataje majina ya babu zake mpaka akwame, watu wakimhesabia. Ndani nilipiga magoti nikaendelea na mguu, maana ulikuwa umenifundisha kwamba mtu huongea vizuri zaidi ukiwa unamhudumia kuliko ukiwa umemkodolea macho. Nikamuuliza analala wapi. Nikamuuliza simu yake na kitambulisho chake anavyo nani. Nikamuuliza, kama leo akitaka kuondoka anakokaa, anaweza?

Alitazama kwanza mlangoni. Halafu akasema, "Mlango unafungwa kwa nje, dada."

Jina lake silitaji hapa, na halikuwa lile nililotajiwa. Alikuwa Mmakonde wa Newala, fundi wa kuchonga, aliyeahidiwa kazi kwenye karakana ya vinyago. Alipofika alinyang'anywa simu, akapelekwa kufyatua matofali nje kidogo ya mji, yeye na wenzake kutoka kwao. Mshahara hakuwahi kuuona. Nilitaka kumficha papo hapo, nimtoe kwa mlango wa nyuma, nimpeleke hata kwangu. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema asiporudi, wenzake waliobaki ndio watakaoumizwa.

Uliporudi ulikuwa umerudisha kofia, na ulinisoma usoni nilipokuwa nafunga bandeji. Hukuuliza kitu. Ulimgeukia bwana ukamwambia, "Mtani, kidonda hiki ni cha kuoshwa kila siku. Usipomleta mguu utaoza, utambeba mgongoni. Lakini kubeba mizigo si ndiyo kazi yenu?" Alicheka tena. Alicheka, akaahidi, akamshika kijana mkono, wakaenda.

Tulimpigia simu afisa ustawi wa jamii, naye akasema tusimguse mtu, atazungumza na wenzake wa dawati la polisi, cha msingi kijana arudi. Kesho yake hukunywa chai. Wewe, Mwajuma, ambaye hata kituo kingeungua ungekunywa chai kwanza. Ulisimama dirishani na kikombe mpaka kikapoa. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na nilikuwa nakulaumu moyoni, kwamba umezidisha mzaha, bwana ameshtuka, hatarudi.

Akarudi. Alikuja na kijana wake nyuma, mkononi ameshika nazi. Aliipandisha juu watu wote waione, akasema, "Hii hapa nazi ya babu yako. Leo tumemalizana, mtumwa sasa ni wewe." Mtani, yule mtu alikuwa ameitafuta nazi sokoni asubuhi yote ile ili tu asishindwe na mwanamke wa Kizaramo. Ulipiga kelele, ukaanguka kitini, ukajifanya umeaibika. Nami nilikuwa nafungua bandeji huku moyoni nashangilia.

Haikuchukua siku nyingi. Polisi na watu wa ustawi walimfuata kwa nyuma mpaka kwenye matofali, wakawatoa vijana wote pamoja. Yule wa kwetu alipita kituoni kutuaga kabla ya kurudishwa kwao, amevaa viatu vyote viwili. Ulimuuliza kama Wamakonde nao ni watani wa Wazaramo. Akafikiri sana, akasema hajui, ila atawauliza wazee akifika. Halafu akacheka. Alikuwa na mwanya, na hatukuwahi kuuona. Uliniambia nifunge mdomo nisije nikalia mbele ya mgonjwa, na wewe ndiye uliyekuwa unalia.

Lile neno la mtumwa hukulitumia tena katika utani wetu. Sikukuuliza, nami nikaliacha.

Kisha watu wa idara ya afya wakaanza kutuita kufundisha. Unaukumbuka ule ukumbi wa Kinondoni wenye viti vya harusi, vimevishwa nguo nyeupe na utepe mgongoni, na sisi tunazungumzia watu kufungiwa ndani? Siku ya kwanza tulisoma maelezo yetu kama risala, watu wakasinzia. Siku ya pili ukaniambia, "Wee leo mgonjwa, mie shangazi yako." Ulijifunga kanga, ukashika mkoba, ukaingia nao ukumbini ukiniburuta. Nilichechemea kwa nguvu zangu zote. Muuguzi wa kwanza aliinuka akakupa shikamoo, akakupa kiti, akakuuliza shangazi mmepatwa na nini. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akakuletea na maji. Ulikunywa.

Ukasimama ukawaambia, "Jamani, mgonjwa mguu umevimba, kasimama. Mwenye afya kakaa, kanywa na maji. Nani katibiwa hapa?"

Ukumbi ulicheka karibu uanguke. Hawakuchekwa, walijicheka, na tangu hapo walikusikiliza. Uliwaambia kiti ni cha mgonjwa. Salamu ya kwanza ni ya mgonjwa, mkubwa ataamkiwa baada yake na hatakufa. Ukawaambia kila mmoja atafute njia yake ya kubaki na mgonjwa peke yake bila kumshtua aliyemleta, kwa sababu ukimshtua hutamwona tena mgonjwa wako. Ukawapa kikopo cha mkojo. "Ugonjwa wowote, mpe kikopo. Hata wa jino. Nani atamfuata mtu chooni?" Ukawaonya wasiwachukue watu kwenda kuwaficha majumbani kwao, na hapo ukanitazama mimi, na ukumbi wote ukanitazama mimi. Nilikuchukia mpaka wakati wa chakula.

Hizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Jioni tulikuwa tunanunua mihogo ya kuchoma pale barabarani, wewe unalipa, mimi nakula, na unanieleza nilivyochechemea vibaya. "Ulianza na mguu wa kulia, ukamaliza na wa kushoto," ulisema. Ulitaka tufundishe Dar nzima. Ulitaka siku moja kila mlango wa zahanati uwe na mtu anayejua kutazama.

Kisha figo zikakusumbua, na zikakuchukua haraka kuliko tulivyojipanga. Hilo nalipita, maana unajua mwenyewe ilivyokuwa, na nimeahidi barua ya furaha.

Msiba wako lakini nitausimulia, kwa sababu hukuuona vizuri. Tulifika Chanika kwa mama yako, sisi Wanyamwezi wote wa kituoni na wengine ambao hata hawakukujua, maana mtani haalikwi msibani, huja mwenyewe kumwigiza marehemu. Nilivaa sare yako, ikanibana kifuani. Nikavaa miwani yako, nikachukua kipimo cha presha, nikapita katikati ya akina mama waliokaa mkekani nikiwapima mmoja mmoja na kuwafokea kwa sauti yako. "Wee chumvi hujaacha. Wee dawa unameza au unawapa kuku?" Shangazi zako waliokuwa wanalia walianza kucheka huku wanalia. Nikafika kwa mama. Nikamfunga kipimo mkononi, nikakijaza upepo, nikasahau kuutoa. Yeye ndiye aliyenisaidia. Aliniuliza, "Vipi sista, nitapona?" Nikamwambia atapona, ila aache kupika biriani bila kuniita. Mama alicheka, mtani. Alicheka akiwa amenishika mkono na hakuuachia mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.

Baada ya hapo niliacha kufundisha kwa muda. Waliponiita tena kufundisha nilikubali, halafu nikajuta. Jumatano moja nikajikuta nimesimama peke yangu mbele ya ukumbi mwingine, sasa hivi wana projekta, na wauguzi kutoka kila upande: Mbezi Beach, Kipawa, Mbagala, Kigamboni. Nilianza kwa kusoma. Nikaona vichwa vinainama, simu zinachezewa chini ya meza. Nikajua kwamba wapo watu wanaowategemea hawa wauguzi bila kujua, na mimi nawapoteza hapo hapo nilipo.

Nikazima projekta. Nikawasimulia habari zako. Niliwasimulia kofia, nazi, kiti, maji uliyoyanywa. Nilijaribu kutembea kama wewe na nikaweza kidogo. Walicheka mahali pale pale walipokuwa wakicheka zamani, na mimi nilisikia raha ambayo sikuitegemea, kama vile umeingia ukachelewa na umekaa nyuma. Niliwataja Wazaramo wa Chanika kwa ubaya wote unaostahili.

Mwishoni binti mmoja akanyoosha mkono. Anaitwa Neema, muuguzi wa zahanati moja ya Kigamboni, Mchaga wa Moshi hasa, ukimsikia tu unajua. Akasema, "Sista, sie ambao hatuna watani mjini hapa tufanyeje? Watani zangu mie ni Wapare, na Mpare hatumii hela kuja hospitali." Ukumbi ukalipuka, na Mpare mmoja akasimama kudai haki yake. Nikamjibu Neema kwamba utani ulikuwa njia yako wewe, kila mtu atafute yake, na kwamba kikopo kipo kwa wote. Aliandika. Nikaenda nyumbani nikiwa sijui kama nimefundisha au nimechekesha tu.

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Wiki iliyopita Neema alinipigia simu, pumzi zinampaa. Alimpokea mama mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu, presha iko juu mno. Aliyemleta ni mwanamke mwenye miwani ya jua na maneno mengi, akajieleza kuwa ni mwajiri tena ni kama dada. Kila swali analijibu yeye. Neema akatoa kiti, akampa mgonjwa. Akampa mgonjwa salamu kwanza. Akatoa na kikopo. Yule mwanamke akasema, "Nitakwenda naye, haoni vizuri," wakaenda wote wawili chooni, wakarudi wote wawili.

"Sista, nikaishiwa," Neema aliniambia. "Naona wanataka kuondoka. Nikamuuliza tu yule wa miwani, wee mama mwenyeji wa wapi? Akasema Shinyanga, Msukuma."

Unajua Msukuma na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni fungu moja. Neema naye alikuwa ameshika hilo kutoka kwenye hadithi zangu. Akaivuta ile miwani ya jua usoni kwa yule mwanamke, akaivaa, akatoka nayo koridoni akisema anayeitaka aje ajikomboe. Mwanamke akabaki ameduwaa, halafu akaangua kicheko, akamfuata. Mwenzake Neema akafunga mlango.

Yule mama alisema yote. Alikuwa anapika na kufua katika nyumba ambayo haruhusiwi kutoka, na simu hajaigusa tangu alipofika, wanawe hawajui kama yu hai. Walimwandikia arudi kupimwa presha asubuhi. Wakapiga simu panapohusika. Leo yuko mahali salama, na binti yake amekwisha kuja kumwona. Neema anasema walipoonana binti alimshika mama yake masikio yote mawili kama anayemkagua mtoto, akacheka.

Nilikaa chini, Mwajuma. Nilikaa kwenye ngazi za kituo na wagonjwa wananipita, nikalia kwa furaha bila kujificha.

Halafu Neema akaniambia, kwa sauti ndogo, "Ila sista, nimedanganya. Nilimwambia mie Mzaramo."

"Kwa lafudhi hiyo?"

"Hiyo hiyo. Akaniuliza Mzaramo wa wapi. Nikasema Chanika, maana ndiyo uliyoitaja. Akaniuliza kwa nani. Nikasema mie mtoto wa Sista Mwajuma."

Nililitaja jina lako kwa sauti kubwa. Alidhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia hilo si langu kulisamehe, ngoja niwaulize wenyewe. Nikampigia mama yako pale pale. Nikamweleza kuanzia kiti mpaka miwani, na kwamba Mchaga wa watu amejiingiza katika ukoo wenu bila hodi. Mama aliniacha nimalize.

"Anakula nini huyo mjukuu wangu?" aliniuliza. "Mlete Jumapili. Hawezi kuwa wa hapa halafu hapajui."

Tunakwenda kesho. Lala vizuri, mtani, wanao tutawatunza.

Mtani wako,
Kulwa